Puli Mpya ya Dainamo

Jumatano. Joto tangu alfajiri, na roho haijatulia.

Puli ya dainamo, lile gurudumu dogo linalovaa mkanda, kwenye gari la Bwana Meneja ilikuwa imelika, inayumba, na mkanda unapiga kelele za kusikika mbali. Bwana mwenyewe, Mgiriki, hakujali, mpaka juzi mgeni wake kutoka Tanga alipomcheka. Puli mpya ikaja kwa treni. Dereva ni mimi, fundi ni mimi. Akataka iwe tayari leo adhuhuri.

Asilolijua ni kwamba shamba zima la mkonge lilikuwa likiswali kwa kelele zile. Kuswali saa za kazi ni marufuku hapa, kwa hiyo wakata mkonge huswali adhuhuri kwa zamu, mmoja mmoja, katikati ya mistari. Wakisikia gari, anayeswali huwahi kumaliza na kushika panga lake.

Nilijua. Kila nilipozungusha spana nilijua.

Nilifikiria kuifunga vibaya makusudi, lakini yeye alisimama nyuma yangu akivuta sigara, na nyumba wanayolala wanangu ni ya shamba. Nikatoa puli mbovu, nikatia mpya, nikakaza mkanda, nikawasha. Kelele zimekwisha. Bwana akafurahi kama mtoto.

Nilidhani nitapata nafasi ya kuwapasha watu habari. Wapi! Hata mikono sijanawa, akapanda: twende shambani.

Tukamkuta Bakari, mume wa dada yangu, amesujudu. Hakuikata swala yake. Mgiriki alishuka akasimama karibu naye, akamngoja. Bakari alipotoa salamu kuliani, aliyemwona ni mimi, nimeshika usukani.

Amefukuzwa kazi. Kesho yeye na dada yangu wanaondoka kambini, na nimeamriwa niwapeleke stesheni ya Muheza na vyombo vyao, kwa gari hilohilo.

Jioni nilikwenda kwao. Dada yangu Mwanaidi alikuwa anafunga sufuria kwenye kanga. Akaniamkia shikamoo kama siku zote, na hilo liliniuma kuliko matusi. Nikamweleza yote: puli, amri, nyumba, watoto. Nikamwambia sikuwa na la kufanya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Honi si ilikuwepo, kaka?"

Ilikuwepo.

Sijui niliisahau au niliogopa. Na kesho asubuhi ni mimi tena nitakayeendesha.