Profesa Alivyocheza Kikaoni

Shoga, nimetoka kikaoni sasa hivi. Wamefunga idara ya ngoma, na mimi ndiye niliyekuwa naandika kumbukumbu za kikao.

Mkuu wa kitivo alimwuliza profesa wetu, "Hivi kucheza nako kunahitaji shahada?" Miaka thelathini anafundisha, anaulizwa hivyo.

Alivua viatu akacheza pale mbele ya meza, bila muziki, na goti lake bovu. Ile ngoma aliyoitunga, tuliyohitimu nayo mimi na wewe.

Mkuu alikuwa anasoma simu. Mama wa watu anacheza, yeye anasoma simu.

Wakapiga kura. Hakuna aliyemtetea.

Nilimfuata koridoni. Akaniuliza polepole, "Mwanangu, uliona nilivyokosea pale kwenye kugeuka?"

Nikamwambia sikuona. Niliona, shoga.