Dramu Juu ya Kanda ya Shangazi

Palmdale, Juni 1974

Dada Loretta,

Mpiga dramu wa kunifikia bado hajazaliwa. Baba yako anajua, kukubali tu ndiko hataki. Mwaka huu keshatoa santuri nne humu gerejini alimofanya studio, moja ya gitaa na mashine ya kufulia. Juzi kaniambia, "Duane, wewe ni kelele yenye miguu." Nikamjibu, "Anko, si ndiyo kazi uliyonipa?"

Mbwa hajambo. Joto limezidi.

Unajua anko hurekodi hata ukimya wa chumba kitupu, auunge katikati ya nyimbo zake. Jumatatu nilitafuta kanda ya kurekodia dramu zangu. Nikaiona moja rafuni, nikaisikiliza, kimya kitupu. Nikarekodi juu yake.

Kumbe anko aliirekodi kando ya kitanda cha shangazi, wiki ile ya mwisho ya uhai wake, shangazi amelala. Ukifungulia sauti yote, ulikuwa unamsikia akipumua.

Anko aliisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dramu si mbaya," akazima mashine. Hajaiwasha tena. Anakaa tu gerejini, kahawa inapoa.

Nakala nyingine haikuwepo, dada. Pumzi za mama yako nimezifuta mimi.

Mdogo wako,
Duane