Daftari la Wachelewaji

Jumatatu, 10 Oktoba

Nimefika saa kumi na mbili na nusu. Mzee Nampota, mlinzi wetu, alikuwa bado anapiga mswaki kwa kijiti, geti bado halijafunguliwa. Nimekaa kwenye benchi nikangoja. Napenda kufika kabla ya watu.

Saa moja kamili geti limefungwa. Mimi ndiye msimamizi, nimewaandika wachelewaji wawili. Mmoja ni Mama Somoe, dakika kumi. Ameingia anahema, mtoto mgongoni, kanga imelowa bega moja. Akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima, "Jamani, Mama Saa keshanikamata." Wenzake wakacheka. Jina hilo amenipa yeye, kwa sababu ya saa ya mkononi aliyoninunulia mume wangu, Baba Dorika. Sijali. Anabangua korosho haraka kuliko wote ishirini na wawili, na kokwa zake hazivunjiki.

Kuchelewa mara tatu ndani ya siku thelathini, kazi hakuna. Ndivyo alivyosema Meneja. Hii ni yake ya kwanza.

Miguu inauma.

Jumatano, 12 Oktoba

Mabomba yamekauka wiki ya pili sasa. Newala nzima ni ndoo tupu zimepangwa foleni, wenyewe hawapo. Wanasema mashine ya kusukuma maji imekufa. Wengine wanasema dizeli. Mimi nina kisima changu cha maji ya mvua uani, cha saruji, alikijenga marehemu baba. Mfuniko wa chuma na kufuli. Maji yanatutosha mimi na Bibi mpaka mvua ya kwanza tukijibana.

Bibi ni mama yangu mzazi, lakini humu ndani wote tunamwita Bibi kwa ajili ya Dorika, binti yangu aliyeko bweni. Miguu yake imekataa. Asubuhi namwogesha, nampikia uji, namtoa barazani, halafu natoka. Yote hayo na sijawahi kuchelewa. Kwa hiyo sielewi hawa wenye miguu mizima.

Mama Somoe leo tena. Dakika ishirini. Nimemwandika, nikamwambia, "Bado moja." Hakutania.

Ijumaa, 14 Oktoba

Limekuja boksi kutoka makao makuu ya kampuni, Dar. Ndani mna karatasi kubwa ya kubandika ukutani: mwanamke anacheka, chini yake maneno kwamba kampuni inajali afya na furaha ya mfanyakazi. Pamoja nayo, kila mmoja mche wa sabuni na glovu za mpira. Glovu ni za mikono ya wanaume, kisu hakishikiki. Wanawake wamezikunja wakaenda nazo nyumbani. Mafuta ya maganda yanaendelea kuwaunguza vidole, wao wanaendelea kujipaka majivu yao na mafuta ya nyonyo.

Sabuni wameipokea kwa vigelegele. Halafu Mama Somoe akainua mche wake juu, akauliza, "Tunaipaka kavu?"

Meneja amecheka na wengine. Sidhani kama alielewa. Ni kijana wa Dar, ana miezi mitatu hapa. Adabu anayo, kila asubuhi ananiamkia kwanza ndipo anaomba daftari la wachelewaji. Boza la kampuni, lile lori la maji, linamjazia tangi Jumanne na Ijumaa, tangi moja la kiwanda na lingine la nyumba yake.

Jumapili, 16 Oktoba

Kanisani. Mahubiri marefu.

Nimerudi nikamkuta Mama Somoe uani na ndoo. Amemsalimia Bibi, akaniamkia na mimi, akakaa chini. Anaomba ndoo moja, si kila siku, kwa siku za kazi tu. Kwenda bondeni anatoka saa tisa alfajiri, chemchemi ina foleni, akipanda mlima na mtoto mgongoni jua limeshatoka. Mama mkwe wake hawezi kuteremka.

Nimekataa. Nimemwambia nikimpa yeye kesho watakuja ishirini na mmoja, na mimi nina mgonjwa. Yote kweli. Akasema, "Haya, Mama Dorika, tumeelewana." Si Mama Saa. Mama Dorika.

Jioni Bibi alirudisha sahani. Alikula kidogo.

Jumanne, 18 Oktoba

Maji ya kisima yamepungua kuliko nilivyotarajia. Nimepima kwa fito. Labda kuna ufa. Nimezunguka kisima chote nikipapasa saruji, sijaona kitu. Bibi ananiangalia tu kutoka barazani, anachambua kunde.

Ninaanza kuoga kwa makopo mawili.

Alhamisi, 20 Oktoba

Saa moja na dakika kumi na mbili.

Nilitumaini Mama Somoe angekuwa mgonjwa asije kabisa. Ugonjwa hauhesabiwi. Lakini amekuja. Mzee Nampota amemfungulia, akanitazama mimi. Kalamu ilikuwa mkononi. Nimeandika.

Meneja amemwita ofisini. Hawakukaa hata dakika tano. Ametoka, amekusanya kisu chake na chupa yake ya mafuta ya nyonyo, amembeba mtoto, ameondoka bila kumwangalia mtu. Mtoto ndiye aliyetuangalia mpaka getini.

Nimefanya kazi yangu. Sijamwonea. Kile kiwanda cha zamani nilichofanyia kazi, kengele ilikuwa inapigwa watu bado wanasukana nywele, na kikafungwa, na mimi nikakaa miaka minne nakaanga maandazi. Sasa watu binafsi wameruhusiwa kununua korosho, kampuni imekuja na inataka saa. Basi ni saa. Sirudi kwenye maandazi.

Nimeandika haya yote na bado najisikia vibaya.

Ijumaa, 21 Oktoba

Ukumbi kimya. Visu tu. Nimepita katikati ya meza, wameinua macho wakayashusha. Mwanamke aliyekaa jirani na kiti cha Mama Somoe amevunja kokwa nyingi kuliko kawaida yake. Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Hamna kitu, nyapara."

Nyapara. Hawajawahi kuniita hivyo usoni.

Jumamosi, 22 Oktoba

Nimejua ufa uko wapi.

Leo tumefunga mapema. Nimeingia kwa mlango wa nyuma, nikakuta wanawake watatu uani mwangu, ndoo zimejaa, mfuniko umefunguliwa. Bibi wamembeba na kiti chake mpaka kando ya kisima, anasimamia, kila mmoja ndoo moja, wala asizidishe. Mmoja ni mama mkwe wa Mama Somoe. Ufunguo ni wa akiba, wa marehemu baba. Bibi alikuwa nao siku zote kwenye pindo la kanga, na mimi nilidhani umepotea tangu msibani.

Walipoondoka nimepiga kelele. Sikumbuki mara ya mwisho kumpigia kelele mama yangu, labda sijawahi. Nimemwambia maji haya ni ya kukuogesha wewe. Nimemuuliza tangu lini.

Tangu mabomba yalipokauka. Alikuwa anangoja nitoke kwenda kazini.

"Watu wameingia uani wanaomba maji," akasema. "Wewe hupo. Nikawaambie nini? Niwaambie nina mtoto mkali?"

Kisima kimebaki matope. Hakuna hata ndoo ya kesho. Nimekasirika sana. Na kingine kinaniuma zaidi: Bibi anasema kwa Mama Somoe maji yalifika mchana, yeye akiwa kiwandani. Yalikuwa ya kupikia na ya wazee. Ya kuoga na ya kufulia nepi aliendelea kuyafuata bondeni. Ningemwongezea ile ndoo moja aliyoomba, asingechelewa.

Jumatatu, 24 Oktoba

Jana jirani alitukopesha kidumu kimoja. Leo zamu yangu ya kuteremka.

Nimetoka saa tisa na nusu alfajiri. Nilidhani natoka mapema. Njia imejaa wanawake, wanakwenda kama wanakwenda sokoni, wanaongea. Nilipowakaribia waliacha kuongea. Miaka mingi sijateremka bondeni, tangu usichana. Njia imekuwa mbaya au mimi nimekuwa mbaya. Kwenye chemchemi unachota kwa kata, unangoja maji yajae tena, anachota mwenzako. Hakuna wa kumharakisha mwingine. Nimetazama saa yangu mara nyingi mpaka nikaona aibu, nikaivua nikaitia mfukoni.

Kupanda nimepumzika mara tano. Ndoo ilinimwagikia bega lote.

Nimefika nyumbani jua limetoka. Nikamwogesha Bibi, maana siwezi kumwacha hivyo. Uji. Barazani. Nikakimbia. Mimi, umri huu, barabarani, nakimbia.

Saa moja na dakika kumi na nane. Mzee Nampota amefungua geti kabla sijabisha. "Pita, mama. Saa yangu haijafika saa moja." Nikapita. Wanawake wote waliniona, kanga imelowa bega moja.

Daftari lilikuwa mezani kwangu. Meneja alikuwa na wageni, asingejua. Nimekaa mpaka saa nne nalitazama. Halafu nimeandika: Mama Dorika, msimamizi, dakika kumi na nane.

Jumanne, 25 Oktoba

Meneja ameniita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akageuza daftari upande wangu. "Hili jina ni lako?"

Nikasema ni langu. Akasema msimamizi hajiandiki, na kwamba ananiheshimu, na kwamba jina tulifute tu. Nikamwambia kama langu linafutwa, na ya Mama Somoe yafutwe, maana tulichelewa njia moja.

Akauliza njia gani. Nikamweleza. Chemchemi, mlima, saa tisa. Akafunga daftari. Alidhani watu wanachota bombani. Nikamuuliza bombani wapi. Akasema, kwa kweli, alidhani ni uvivu wa watu wa huku.

Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nikamwambia, "Mimi nilidhani hivyohivyo, na nimezaliwa hapa."

Amesema atauliza Dar. Nimerudi ukumbini. Kama wataniachisha, waniachishe. Naogopa sana.

Alhamisi, 27 Oktoba

Bondeni kila siku. Jana na leo nimewahi, kwa dakika mbili mbili. Nalala nikiwa nimekaa. Meneja hajasema kitu, ananiamkia tu.

Leo njiani mwanamke mmoja amenishikia ndoo nikavuka jiwe. Halafu akanirudishia, tukaendelea kupanda.

Jumatatu, 31 Oktoba

Jibu limekuja. Dar wamekubali nusu. Geti litafungwa saa moja na nusu, na tutatoka nusu saa baadaye. Kila mfanyakazi atachota ndoo moja kwenye tangi la kiwanda wakati wa kutoka, boza litaongezewa safari. Mara tatu inabaki mara tatu. Mama Somoe amefutiwa zake, anaweza kurudi, kiti chake hakijapata mtu. Yangu ya tarehe ishirini na nne haikufutwa. Meneja alitaka kuifuta, nimekataa.

Nimeomba niende mwenyewe kumwambia Mama Somoe. Sikumkuta, yuko shamba la watu anaokota korosho kwa kibarua. Mama mkwe wake amenikaribisha mkeka, akaniletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati, kama anavyopewa mgeni yeyote. Nimeonja. Yana ladha ya saruji. Maji ya kisima changu, aliyoyatunza mtungini.

Nimeyanywa yote. Nimeacha ujumbe.

Jumatano, 2 Novemba

Amerudi. Ameniamkia, nimeitika. Amekaa kwenye kiti chake, mgongo kwangu. Wenzake wamepiga kigelegele kimoja, yeye hakugeuka. Kokwa zake safi kama zamani.

Jioni foleni ya ndoo tangini. Meneja amesimama pembeni anatazama. Watu walikuwa wanaongea kwa sauti, wanataniana. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Jumatatu, 7 Novemba

Mama Somoe bado hajanitania. Wengine wameanza, yeye bado. "Ndiyo, Mama Dorika." "Hapana, Mama Dorika." Si kosa lake. Ana haki. Lakini inaniuma, sikujua kama nililipenda lile jina.

Kufuli la kisima nimelitundika msumarini. Kikijaa tena, ufunguo ni wa Bibi.

Alhamisi, 10 Novemba

Bibi alfajiri hakuwa sawa. Homa, anaongea na watu wasiokuwapo. Nimemkanda maji, nimempa dawa, nimekaa naye mpaka akapata usingizi, jirani akaja kumwangalia. Nimefika kazini saa moja na dakika thelathini na tisa.

Nimeingia ukumbini. Visu vimesimama. Nimekwenda mezani kwangu, nimefungua daftari, kalamu haipo. Nikapekua droo. Nikageuka.

Mama Somoe alikuwa amesimama nyuma yangu, mtoto mgongoni, kalamu mkononi. Akanipa. Akangoja mpaka nikamaliza kuandika jina langu, akainama kulisoma vizuri.

"Bado moja, Mama Saa."

Ukumbi mzima ulicheka. Na mimi nimecheka mpaka machozi. Halafu akauliza Bibi anaendeleaje, nikamwambia, akarudi kwenye kiti chake.

Jioni Bibi amekunywa uji kidogo. Homa imeshuka.