Ukurasa Uliokatwa kwa Wembe

Mdogo wangu Mhandisi,

Mama hajambo, na paa nimeliziba. Kinachonitoa roho ni maktaba ya chuo chako cha zamani. Wanafunzi wa mekanika ya vimiminika tuko themanini na wanne, kitabu kimoja, kila mtu dakika arobaini, humo humo ndani. Jana zamu yangu ikafika, nikakuta chati ya msuguano wa maji kwenye mabomba imekatwa kwa wembe. Mtihani ni Jumatatu, na nikifeli tena nafukuzwa.

Nikamfokea mkutubi. Akatoa kadi ya kitabu. "Huyu ndiye wa mwisho kukipeleka nyumbani. Kilirudi na ukurasa pungufu; tangu hapo hakitoki."

Mwandiko wako! Wa miaka kumi na moja iliyopita!

"Jina la ukoo kama lako, kaka. Ndugu yako?"

"Majina hufanana, dada."

Nilichimba mitaro ili wewe usome kwanza, halafu hata chati hukuniachia. Ilete kabla ya Ijumaa, hata ikiwa imekunjika. Nikishaisoma nitaibandika kitabuni mwenyewe, mkutubi akigeuka.

Wasalimie wanao, na wembe usiwafundishe.

Mimi kaka yako, ninayeona haya kwa niaba yako.