Rejista Uliyoijaza Kimya, Mwalimu Leodgar

Ni mwaka mmoja sasa tangu presha ikuchukue, Baba Honorata, ukiwa mezani kwetu Buzebazeba, hapa Kigoma, na madaftari ya darasa la sita mbele yako. Kalamu yako nyekundu ninayo. Ilibaki wazi, wino ukakauka.

Ulitoka Bukoba kwa uhamisho wa miaka miwili, ukakaa ishirini na mmoja. Mgebuka, samaki wa ziwa letu, ulijifunza kuula; Kiha, lugha ya huku, hukukiweza. Kila asubuhi ulisimama mlangoni mwa darasa ukampa mkono kila mtoto, ukiwaamkia "Mwakeye" kwa lafudhi yako ya Kihaya, nao wakaingia wakicheka. Ulipofika mkono wa mwisho, ulikwishajua nani hajala na nani nyumbani kwao kulikuwa na ugomvi. Hao hukuwaita ubaoni siku hiyo.

Rejista hukuisoma kwa sauti. Uliijaza baadaye, kimya, kwa kichwa. Mwalimu mkuu alilalamika, na sisi tukakutania kwamba macho yamechoka na unaona aibu kuvaa miwani. Ulicheka tu. Laiti ungetuambia, mume wangu. Hilo ndilo ninalokulaumu leo.

Honorata wetu amemaliza chuo cha ualimu. Shule zilipofunguliwa mwezi huu alipewa watoto wako wale wale, sasa wako la saba. Mwalimu Feliksi, aliyewashika tangu uondoke, siku hiyo alikuwa msibani Kasulu. Basi mwanao akafanya alivyofundishwa chuoni: akasimama mbele, madirisha wazi, akaita majina matatu matatu kwa sauti ya kufika barabarani. Nje walikuwepo wajumbe wa mtaa waliokuja kukagua vyoo. Akamfikia yule binti wa dawati la tatu, uliyekuwa ukisema atafika mbali. Majina yake mtu wa Kigoma akiyasikia anajua mara moja kwamba yametoka Burundi, na mwaka huu mkimbizi akikutwa mjini bila kibali anarudishwa kambini.

Binti aliitika. Kisha akaomba ruhusa ya kwenda chooni, akaacha daftari lake. Hajarudi. Leo ni siku ya kumi na nne, na mtihani ni Septemba.

Honorata alidhani ni homa. Alikwenda walikopanga akina binti huyo, akakuta chumba kina kufuli na jirani hataki maneno. Feliksi aliporudi ndipo akamweleza ulichomwambia zamani: "Jina nikiliita kwa sauti, sijui nani kaliokota."

Tangu hapo mwanao hali chakula akamaliza. Mlango ukigongwa anashtuka. Nilimwambia majuto ni mjukuu, halafu mimi mwenyewe nikajuta kwa kumwambia. Ninaogopa, Baba Honorata. Namwogopea mtoto wa watu, wala sijui analala wapi. Na huyu wetu naogopa ataiacha chaki kabla hajaizoea.

Bado hajaiacha. Anasimama mlangoni kama wewe, anampa mkono kila mmoja, na rejista anaijaza mchana akiwa peke yake. Wale wajumbe walikuja kwa ajili ya vyoo, wakaandika habari za vyoo, wakaenda zao. Feliksi amewachunguza kwa njia yake bila kumtaja mtu, na ana hakika hakuna aliyeuliza habari za mtoto yeyote. Tunakuambia wewe, lakini gazeti hili likishasomwa mjini hufungiwa maandazi, likafika hata tusikoweza kwenda kuuliza.

Jina lake hatuliandiki hapa. Wewe unalijua. Daftari lake Honorata amelisahihisha kwa kalamu nyekundu mpya, mwenyewe kapata hesabu zote, na limewekwa pale pale dawati la tatu. Hakuna aliyeruhusiwa kukalia nafasi hiyo.

Unakumbukwa na mkeo Edina. Wanao Honorata na Dismasi. Dada yako Joanitha aliyeko Bukoba. Mwalimu Feliksi na walimu wenzako wote. Na watoto wako wa darasa la saba, arobaini na watatu, tukimhesabu na asiyekuwepo.

Daima tutakukumbuka, Mwalimu, na mkono uko mlangoni kila asubuhi kuanzia saa moja.