Kwa Sindano, Kuhusu Kuruka

Chumba cha uani,
Nyuma ya karakana.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa mdogo wangu Sindano,

Hujambo? Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa, marahaba. Mguu wa Mama unaendeleaje? Bibi bado anagombana na redio? Mimi mzima, ila chumba kimya mno. Mwenzangu kahama, kitanda chake nakianikia nguo.

Mwandiko unisamehe, shule unajua niliishia wapi.

Mama kaniambia kwenye simu wenzako wanaruka kutoka ghorofani kwenye lile jengo lisiloisha, wanatua kwenye mchanga, na Ijumaa ni zamu yako. Asiyeruka hachezi mpira nao. Ndiyo maana nimeshika kalamu.

Sikia. Hapa tunachomelea mageti na madirisha, na mafundi wana mchezo wao. Wanachomelea bila kioo cha uso, eti mwanaume haogopi mwanga. Mimi nakivaa. Basi wananiita Bibi Harusi. "Bibi Harusi, funua shela tukuone!" Karakana nzima kicheko. Kujibu sijui, unanijua. Nainama, nachomelea.

Mwezi uliopita fundi mmoja mgeni alikubali, akavua chake. Wakampigia makofi. Jioni macho yamevimba, analia kama kamwagiwa mchanga, njia haoni. Wapiga makofi wote walishaondoka. Nikamshika mkono mimi mpaka kwao. Alipopona akarudi kukaa na wale wale. Na yeye sasa ananiita Bibi Harusi.

Kwa hiyo sikudanganyi. Ukikataa wanaweza kukutenga kweli. Mimi nala peke yangu pale kwenye ngazi, na inauma. Lakini macho ninayo, ndiyo haya nakuandikia nayo.

Kabla hujapanda jiulize kitu kimoja tu: nikivunjika, nani kati ya hawa atanibeba mpaka kwa Mama? Ukikosa hata mmoja, usipande.

Na kama kusema "sitaki" kunakushinda, maana na mimi kunanishinda, nisingizie mimi. Sema, "Kaka kanikataza, yule mkali sana." Hawanijui, wataamini. Wakicheka, wanicheke mimi. Nimeshazoea, na huku hawafiki.

Nisalimie Mama, Bibi, na shangazi mshonaji. Mungu akulindie hiyo miguu yako ya njiti.

Jumamosi asubuhi nitapiga simu ya Mama. Njoo upokee wewe, hata kama umeninunia. Uje unatembea.

Ni mimi nikupendaye,
Kaka yako.