Kichwa cha Mistari Mitatu

Mjukuu wangu Furaha,

Hapa Bellevue tu wazima; babu yako bado anagombana na redio. Unauliza kama polisi walitusumbua sisi wageni kama kwenye filamu uliyoiona huko Paris. Eish, walitusumbua.

Lakini siku moja, nikiwa msichana msusi katika saluni pale Joubert Park, polisi alinikuta sina karatasi za kuishi nchini. "Twende!" Mteja wangu, mama wa Kizulu, akaziba mlango: "Kwanza amalize kichwa changu!"

Polisi akacheka, akaketi kusubiri. Upande mmoja nilikwisha kusuka mistari mitatu minene. Wa pili nikausuka mistari myembamba kama uzi, polepole, hadi zamu ya yule polisi ikaisha akaenda zake.

Mama akatoka na kichwa hicho hicho cha pande zisizofanana, akitembea kwa maringo. Filamu yako ilimwonyesha huyo?

Bibi yako